Mizani ya Pamba na Neno "Mimi Sibagui"



Wiki hii nimechelewa kuandika kwa sababu kuna kesi moja imenikaa kichwani. Alinijia kijana baada ya swala ya Isha. Anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Mwanza, mwaka wa sita sasa, na anajua kila msumari ulipo. Ameletwa ndugu wa mwenye duka kutoka ng'ambo, Kiswahili hajui, vifaa havijui, lakini amepewa meza, ufunguo wa droo ya fedha, na mshahara ambao kijana anasema ni mara nne ya wake. Na anayemfundisha mgeni huyo kazi ni kijana huyu huyu. Alipouliza kwa adabu, bosi alighadhibika. "Unaniita mbaguzi? Mimi niliyechimba visima? Mimi ninayewafuturisha kila Ramadhani?"

Siku mbili baadaye akaja bosi mwenyewe. Ni Muislamu mwenzetu, mwenye asili ya Kihindi, amezaliwa hapa hapa na baba yake amezikwa hapa hapa. Tunasimama naye safu moja. Alikuwa ameumia kweli, sauti inamtetemeka. Hakuja kuniuliza habari ya mshahara. Alikuja kuniuliza kama na mimi namwona mbaguzi.

Hebu ndugu msomaji tulia kidogo hapo. Kijana aliuliza hesabu. Bosi akajibu sifa zake. Mmoja anasema "kwa nini huyu analipwa hivi na mimi hivi," mwingine anasema "mimi ni mtu mwema." Kila mmoja anadhani anamjibu mwenzake, kumbe wanazungumza mambo mawili. Na jambo hili, ndugu zangu, halikuanza katika duka lile. Mji wetu na nchi ya Usukuma inayouzunguka ina historia yake, na nyinyi vijana wengi hamkuhadithiwa.

Rudini nyuma hadi wakati wa Mwingereza. Pamba ndiyo ilikuwa fedha ya kanda hii, Kwimba, Maswa, Shinyanga, Geita, hadi Ukerewe. Mkulima alilima na familia yake, akapalilia, akachuma, akabeba. Viwanda vya kuchambua pamba, ambavyo wazee wetu wanaviita majineri, karibu vyote vilikuwa vya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyotoa leseni. Basi mkulima anafika na mzigo wake mbele ya mizani. Mizani ni ya mnunuzi. Anayeisoma ni mtu wa mnunuzi. Anayeandika ni mtu wa mnunuzi. Mkulima hajui kusoma, na hata akijua, nani atamsikiliza? Malalamiko yakajaa nchi nzima ya Usukuma kwamba ratili zinapunjwa.

Tukisema mizani, Muislamu anakumbuka nini? Suratul Mutaffifin. Allah Subhaanahu wa Taala ameshusha sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wale ambao wakipimiwa wanataka kikamilifu, na wakiwapimia wengine wanapunguza. Na miongoni mwa waliokuwa nyuma ya mizani zile walikuwamo Waislamu. Walikuwamo Mabaniani pia, na wa dini nyingine, lakini mimi nazungumza na watu wangu. Walikuwamo wanaume waliotoka kuswali Adhuhuri wakaenda kubonyeza mizani kwa kidole.

Sasa je, wakulima walifanya nini? Hapa ndipo penye funzo na napenda sana kulisimulia. Alikuwapo kijana mmoja, Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, mtoto wa mchungaji wa Kisabato. Aliwahi kuwa karani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Hakuwa Muislamu, na haki haimuulizi mtu dini yake. Kuanzia mwaka 1950 hivi, yeye na wenzake wakatembea vijiji kwa vijiji, wakawakusanya wakulima, na moja ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya lilikuwa jepesi sana: wakaweka mizani yao wenyewe. Mkulima anapima kwanza kwa mizani ya wenzake, anajua mzigo wake una ratili ngapi, ndipo anakwenda kwa mnunuzi.

Fikiria hapo, ndugu yangu. Hawakwenda kwa mnunuzi kumwambia "wewe mwizi, nyinyi Wahindi wote wezi." Wangesema hivyo, yule angeapa, angekasirika, angetaja sadaka zake, na mazungumzo yangehamia kwenye moyo wake, ambao hakuna aupimaye ila Allah. Walimwekea namba. Namba haina hasira, na haikumwambia mtu kwamba yeye ni mbaya. Ilisema tu kwamba pale palikuwa na ratili hizi na hapa zimekuwa hizi, sasa tueleze.

Kutokana na harakati ile vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaandikishwa shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, pamba yote ya kanda ya ziwa ilikuwa inapitia mikononi mwa ushirika wa wakulima wenyewe. Waliohesabu mambo ya ushirika wanasema lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya aina yake Afrika. Chanzo chake ni mizani.

Lakini sitaki mtu asome hapa akatoka anawachukia Wahindi. Mwenye jineri naye alikuwa na mtu juu yake. Serikali ya Mwingereza iliigawa Tanganyika katika ngazi tatu: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Shule tatu, hospitali tatu, viti vya treni hivyo hivyo. Hata Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1955 walipotaka kuonyesha kwamba ni waadilifu, walitoa viti kumi kwa kila rangi. Kumi kwa Wazungu ambao nchi nzima walikuwa kama 20,000, na kumi kwa Waafrika zaidi ya milioni 8. Wakaita hiyo ni usawa!

Na kazini? Hapa nataka usome polepole, kwa sababu ndipo lilipo duka la yule bosi wetu. Serikali ilikuwa na kanuni kwamba asiye Mzungu, hata awe na elimu ile ile na kazi ile ile, alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Mzungu akipata shilingi 500, wewe 300. Tume iliyoongozwa na Holmes ilikaa, ikasikiliza watu wa nchi zote nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na taarifa yake ya mwaka 1948 ikaithibitisha kanuni ile. Na je, walisema "tunawadharau watu weusi"? Hawakuliweka hivyo. Walitoa sababu. Mzungu yuko mbali na kwao. Mzungu ana gharama za watoto shuleni Uingereza. Mwafrika ana shamba kijijini, mke wake analima, matumizi yake madogo. Sababu nzuri nzuri.

Watumishi Waafrika wakalalamika miaka mingi. Mwaka 1954 ikaja tume nyingine, ya Lidbury, ikasema ile sehemu tatu kati ya tano ifutwe, mshahara uwe wa kazi na usiwe wa rangi. Alhamdulillah. Lakini tazama ujanja wa nafsi: ikaongezwa posho maalumu kwa watumishi wanaotoka ng'ambo, posho ya kuwavutia waje. Mshahara umekuwa mmoja, posho ikairudisha tofauti kwa mlango wa nyuma. Kijana aliponiambia kwamba bosi wake alimjibu "huyu nimemlipa zaidi kwa sababu ametoka mbali," nilinyamaza muda mrefu. Jibu lile lina umri wa miaka sabini.

Twaib. Sasa tuje kwenye dini, maana wapo wanaodhani haya ni siasa.

Kesi ya kwanza ya mtu kujiona bora kwa asili yake ni ya Iblisi. Aliamrishwa asujudu kwa Adam akakataa, akaulizwa sababu, akasema yeye ni bora kwa kuwa ameumbwa kwa moto na mwenzake kwa udongo. Soma Suratul A'araf. Halafu endelea mbele kidogo katika sura hiyo hiyo, utamkuta Adam na mkewe nao wamekosea, nao wanaulizwa. Hawakutoa hoja. Walisema wamejidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha. Wote waliulizwa. Mmoja alijitetea kwa asili yake, na mpaka leo amelaaniwa. Mwingine alikiri, akawa Nabii na baba yetu sote.

Kesi ya pili ni ya swahaba, Abu Dharr al-Ghifari, Allah amridhie. Huyu ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuingia katika Uislamu, mchamungu, mtu wa ukweli. Siku moja alimtukana mtu kwa mama yake. Wanachuoni wengi wanasema aliyetukanwa ni Bilal na tusi lilikuwa la weusi wa mama. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, akamwambia kwamba yeye ni mtu ambaye ndani yake bado umo ujahili. Angalia maneno hayo. Hakumwambia ametoka katika Uislamu. Hakumfuta wema wake. Alimwambia umo ndani yako. Mtu anaweza kuwa mwema na kitu kile kikawamo. Hili ndilo bosi wetu hakulielewa, anadhani ni lazima awe ama mwema ama mbaguzi, na kwa kuwa anajijua ni mwema, basi shutuma ni uongo.

Na baada ya kumwambia hivyo Mtume aliendelea na neno gani? Neno la kazi! Akamfundisha kwamba wanaokutumikieni ni ndugu zenu ambao Allah amewaweka chini ya mikono yenu, walisheni mnachokula, wavisheni mnachovaa, msiwabebeshe wasiloliweza, na mkiwabebesha wasaidieni. Ndugu zangu, hadithi hii tunaisoma kwenye mimbari kama hadithi ya rangi, tunasahau kwamba nusu yake ni mshahara.

Yapo masimulizi mashuhuri kwamba Abu Dharr aliweka shavu chini ili Bilal alikanyage. Wanachuoni wa hadithi hawayategemei, na mimi nadhani tunayapenda kwa sababu ni rahisi: ni kulia siku moja yakaisha. Lililo katika Bukhari ni gumu zaidi. Miaka mingi baadaye, mtu mmoja alimkuta Abu Dharr huko Rabadha, amevaa nguo na mtumishi wake amevaa nguo iliyo sawasawa na yake. Akashangaa, akamuuliza. Hapo ndipo Abu Dharr akamsimulia kisa chote, kuanzia lile tusi alilolitoa mwenyewe. Yaani alikuwa bado anautekeleza ule mkaripio mwilini mwake, na hakuona haya kujitaja.

Narudi kwetu ziwani, maana historia haikuishia kwenye ushindi wa ushirika, na msidhani nitaiacha hapo ili tujipongeze.

Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1961, bunge lilijadili muswada wa uraia. Wako wabunge Waafrika waliotaka uraia uwe wa watu weusi, Wahindi na Wazungu wabaki pembeni. Walikuwa na maumivu ya kweli, wametoka kwenye sehemu tatu kati ya tano. Mwalimu Nyerere alikasirika hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau, akasema muswada ukikataliwa serikali yake itajiuzulu. Ukapita. Januari 1964 akatoa waraka kwamba katika kuajiri na kupandisha vyeo serikalini kusiwe tena na tofauti kati ya raia na raia kwa rangi. Wiki mbili hazikutimia, tarehe 20 mwezi huo huo, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakaasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Msione kusema haki ni kitu chepesi. Ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili, mwaka 1972, Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke, na watu walishangilia barabarani. Amin alikuwa Muislamu. Nyerere, Mkatoliki, akasema waziwazi kwamba ule ni ubaguzi wa rangi. Tuyaseme haya jinsi yalivyo.

Na mizani? Ilipokuwa mikononi mwa watu wetu wenyewe, mizani ilipona? Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika, kwa sababu wakulima walikuwa wanalalamika tena. Makarani wanapunja, viongozi wanakula. Watu weusi wakiwapunja watu weusi, Wasukuma wakiwapunja Wasukuma. Mwaka 1968 shirikisho lile likavunjwa, ikaundwa Nyanza.

Nakitaja kisa hiki kwa tahadhari, kwa sababu najua nani atakitumia. Bosi atasema, "si unaona shekhe, hata wao wanaibiana." Ndiyo, na hilo halikupi wewe haki ya gramu moja. Tena ningemwambia yule kijana naye: ukipata duka lako kesho, mizani itakuwa yako.

Sasa mimi mwenyewe. Nimeandika mpaka hapa nikasita siku mbili, kisha nikaona nikiacha hili nitakuwa mnafiki.

Miaka kama kumi iliyopita tulikuwa na ustadhi wa madrasa, mtu wa visiwani Ukerewe, mweusi tititi, ana sauti ya Qur'ani na tajwidi ambayo mimi sina. Alifundisha watoto wetu kwa posho ndogo ya aibu. Kila tulipopata mgeni mweupe kidogo, mwenye jina la ukoo wa Kiarabu na kanzu nzuri, nilimsukuma mbele aswalishe, na ustadhi akarudi safu ya pili. Tena wakati mwingine wageni wale walikuwa wanakosea usomaji, na ustadhi ndiye anayewasahihisha kutoka nyuma. Siku moja akanifuata, akaniambia kwa upole, "Shekhe, mimi naswalisha wakati hakuna mtu, siyo?" Ilinichoma. Nikamjibu kwamba ni adabu ya kumkirimu mgeni. Nikamkumbusha nani alimtafutia chumba alipofika. Nikamuuliza kama ana husuda. Hapo hapo nikatumia elimu yangu ya dini kumfunga mdomo ndugu yangu.

Baada ya miezi michache akahamia Geita. Nilimpigia simu kumwomba radhi mwaka juzi tu. Akasema amesamehe zamani. Lakini watoto wetu walimkosa miaka yote ile, na hilo simu haikulirudisha.

Kwa hiyo nilipomtazama bosi yule akitetemeka, niliijua ile hali kwa ndani. Damu inapanda, na ulimi unaanza kuorodhesha visima. Nilimwambia: ukiona ulimi wako umeanza kuhesabu mema yako, jua swali uliloulizwa bado hujalijibu. Nikamuuliza mambo machache tu. Fedha ikipungua kwenye droo, nani anashukiwa kwanza? Jioni nani anapekuliwa mlangoni na nani anapita? Katika miaka yote ya duka lile, kuna mtu mweusi yeyote aliyewahi kushika ufunguo? Sikumtaka anijibu mimi. Alikaa kimya, akavuta tasbihi yake, halafu akasema, "Shekhe, la ufunguo sikuwahi kulifikiria." Nilimwamini. Watu wengi hawalifikirii, ndiyo maana ni la hatari.

Kijana naye nilimwambia yake. Asimwite bosi wake majina. Aweke mizani: daftari, tarehe, kazi aliyofanya, aliyoambiwa, mbele ya nani, mshahara wa mwezi kwa mwezi. Na ajue kwamba nchi hii ina sheria, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayokataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi, kabila, uraia, dini na mengineyo, na iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ambayo ina ofisi hapa Mwanza. Mwenye mgogoro wa kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko, migogoro mingine siku 60. Wengi wanakuja kwangu mwezi wa tano wakilia, muda umeshapita. Kwenda huko siyo kumvunjia heshima Muislamu mwenzako. Mtume ametufundisha kumnusuru ndugu yetu akidhulumiwa, na akidhulumu pia, kwa kumzuia mkono wake.

Bosi ameniomba tukutane Jumapili baada ya Adhuhuri, dukani kwake, yeye, kijana, na kitabu cha mishahara mezani. Kijana atakuja na daftari lake. Mimi nimesema nitakaa pembeni na sitazungumza mpaka niulizwe. Tuombeeni.

Wallahu a'alam.